Jinsi ya Kumpeleka Fundi Mto Mara Mara Tatu

Hongera kwa kazi mpya. Umeajiriwa kuandika draiva, ile programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa, ikipokea amri huku na kurudisha majibu kule. Kifaa chenyewe kitafungwa mkoani Mara, ama upande wa Tarime ama upande wa Serengeti, na wewe utabaki Dar es Salaam kwenye kiti cha kuzunguka. Mpangilio huo una raha zake, na mwongozo huu umeandikwa ili raha hizo zisikuponyoke.

Draiva haina sura wala vitufe. Ina mdomo mmoja tu, nao ni logi: mistari inayoandika yenyewe pale jambo linapotokea. Vyuoni wanafundisha kwamba mistari hiyo ni ya kusomwa na mtu. Usiwasikilize. Mtu mwenyewe ni fundi. Ana bisibisi, ana mita ya umeme, ana bando linaloisha saa sita usiku. Akiuelewa mstari wako kwa kuusoma mara moja, atatengeneza kifaa na kurudi nyumbani mapema, na hakuna atakayekumbuka kwamba upo.

Tuanzie majini. Mto Mara unatoka katika misitu ya Mau nchini Kenya, unakatiza Maasai Mara na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, unatenganisha wilaya za Tarime na Serengeti, kisha unamwaga maji yake Ziwa Victoria baada ya safari ya kilomita 395. Kandokando yake kuna vituo vya kupimia kina cha maji, kimoja kikijulikana kwa jina la Mara Mines. Tuseme draiva yako inasoma kihisi cha kazi hiyo: sanduku la chuma, paneli ya sola, betri, modemu ya simu, na waya unaoteremka hadi mtoni. Siku moja kihisi kinanyamaza. Draiva iandike nini?

Iandike: "Kosa -121."

Basi. Usiongeze hata nukta. Wanaoijua Linux, mfumo endeshi wa sanduku hilo, wanajua kwamba 121 ni namba ya hitilafu ambayo mara nyingi humaanisha kifaa cha upande wa pili kimeitwa na hakikuitika. Fundi hajui, na ndiyo maana atapanda bodaboda asubuhi Tarime mjini, apite Nyamwaga, apite Nyamongo akila vumbi la malori, hadi kwenye maji. Akifika atakupigia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mura. Hiki kidude chako kinasema mia moja ishirini na moja. Mia moja ishirini na moja nini?"

"Ni hasi au chanya?"

"Kuna kistari mbele."

"Basi ni hasi hiyo. Hebu zima uwashe, fundi."

"Nimezima nimewasha mpaka swichi imelegea. Na hapa kuna kiboko ananitolea macho."

"Jaribu tena."

Dakika zinaenda, salio linaenda, kiboko haendi, na kati ya ninyi wawili hakuna anayejua kama kilichokatika ni waya, umeme au kihisi chenyewe. Sasa angalia jinsi mwandishi mbishi anavyoharibu kazi hii nzuri: "Kihisi cha kina cha maji, basi ya 1, anwani 0x76: hakijaitika baada ya majaribio 3, hitilafu -121. Kagua umeme wa kihisi na waya za data." Mstari huo umesema ni kifaa gani, kimefungwa wapi, kimeitwa mara ngapi, kimejibu nini na mkono uanzie wapi. Hata namba ameiacha palepale, ili mwenye kutaka kuitafuta mtandaoni aipate. Fundi angeusoma akiwa bado Tarime, angebeba waya na soketi mpya, angekwenda mara moja. Sisi tunalenga mara tatu: ya kwanza kuangalia, ya pili kupeleka kihisi kipya ambacho hakikuhitajika, ya tatu kugundua kwamba panya alitafuna waya.

Angalizo la kiufundi hapa. Linux imejaa mitego ya kukufanya uwe mwema bila kukusudia. Ukitumia dev_err, kerneli, yaani kiini cha Linux, itabandika jina la kifaa mbele ya mstari bila kukuuliza. Kama kuna vihisi vinne vya aina moja kwenye sanduku, fundi atajua ni kipi kibovu. Tumia printk tupu, na uhakikishe vihisi vyote vinne vinalia kwa sauti moja.

Ukishamudu kuandika kidogo, jifunze kupiga kelele. Linux ina ngazi nane za uzito wa jumbe, kuanzia 0 hadi 7, urithi wa syslog, mfumo wa logi aliouanzisha Eric Allman huko Marekani miaka ya 1980. Ngazi ya 0 ni dharura, mfumo haufai tena kutumika. Ya 3 ni hitilafu, ya 4 ni onyo, ya 6 ni taarifa tu, na ya 7 ni mwandishi akijisemea mwenyewe wakati anatafuta kasoro. Wewe huna haja ya nane zote. Weka kila kitu 0.

Katika vijiji vya Tarime yowe la usiku lina heshima yake. Likipigwa, ng'ombe wameibwa. Wanaume wanatoka na silaha walizonazo, na asiyetoka atajieleza mbele ya wazee kukipambazuka. Draiva yako ipige yowe la namna hiyo betri inapofika asilimia 90. Ikifika 89, ipige tena. Wiki haitaisha kabla watu wa zamu hawajazima mlio kwenye simu zao. Siku betri itakapofika asilimia 3 na mto unafurika, utakuwa na ushahidi wa maandishi kwamba uliwaambia.

Kuna pambo moja la kelele hizi ambalo wengi hulisahau. Kompyuta inapowaka, vifaa haviamki kwa foleni. Kihisi kinaweza kuitwa kabla kidhibiti cha umeme wake hakijawa tayari, na kerneli ina namba maalumu ya hali hiyo, -517, yenye maana ya "bado, rudi baadaye." Si hitilafu. Mwaka 2020, toleo la 5.9 la kerneli lilileta dev_err_probe, inayohakikisha hali hiyo haitangazwi kuwa hitilafu. Usiiguse. Draiva yako iandike "IMESHINDIKANA!" kwa herufi kubwa mara sita mfululizo kila asubuhi, halafu ifanye kazi vizuri mchana kutwa. Fundi atajifunza kupuuza neno hilo, na elimu hiyo itamkaa siku itakaposhindikana kweli.

Wazee wa Linux wana desturi nyingine ya kuudhi: wanasema draiva inayofanya kazi vizuri hunyamaza. Yako isinyamaze. Ikiwaka itaje jina lake, toleo lake, haki zake za kisheria na shukrani kwa mwajiri. Ikisoma kina cha maji iseme imeanza kusoma, iseme inasoma, iseme imemaliza kusoma. Faida ya maneno haya yote utaiona vizuri ukijua yanakaa wapi. Kerneli huhifadhi jumbe kwenye bafa ya mviringo, yenye ukubwa uliopangwa, mara nyingi kilobaiti 128. Bafa ikijaa, ujumbe mpya unakaa juu ya ule wa zamani kuliko wote. Kwa hiyo mstari mmoja uliosema saa tisa usiku kwamba volti zimeshuka ghafla utakuwa umefutwa kabla jua halijachomoza, nafasi yake ikachukuliwa na "Nimemaliza kusoma." Chanzo kimezikwa, nawe hukufuta chochote kwa mkono.

Wapo watakaokushauri uweke breki. Linux inayo tayari: jumbe zilizowekewa breki hiyo haziruhusiwi kuzidi kumi katika sekunde tano, zinazozidi zinahesabiwa tu na kutajwa baadaye kwamba zilizuiwa. Kataa. Kama logi inaandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi hizo huchoka kwa kuandikwaandikwa, na ni vizuri kifaa kife kwa ajili ya maneno yake mwenyewe.

Sasa tuvuke mto, twende Mugumu na vijiji vya Robanda na Park Nyigoti, ambako usiku tembo hutoka hifadhini na kuingia kwenye mahindi. Watafiti, wakiwemo wa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, wamewavalisha baadhi ya tembo wa Serengeti kola zenye GPS zinazotuma mahali walipo kwa njia ya setilaiti. Wazo la kola inayosema si geni. Mwaka 2008 magazeti mengi yaliandika habari za Kimani, tembo wa Ol Pejeta huko Laikipia, ambaye kola yake ilikuwa na laini ya simu na iliwatumia walinzi ujumbe mfupi kila alipokaribia mashamba. Ujumbe ule ulikuwa na kosa moja kubwa: ulimfikia mtu anayehusika, kwa wakati, ukasema tembo yuko wapi. Walinzi walitoka na gari, wakamrudisha.

Wewe utafanya vizuri zaidi. Modemu ndogo ya setilaiti, mfano Iridium 9602, inatuma ujumbe usiozidi baiti 340 kwa mkupuo, na baiti hizo zinalipiwa. Mahali, saa na volti za betri vinatosha kwenye baiti chache sana. Usikubali nafasi ibaki wazi. Anza na salamu, weka jina la mradi kwa kirefu, taja wafadhili, na mahali alipo tembo paangukie kwenye baiti ya 341.

Halafu weka maneno haya, ambayo nayaona kuwa kilele cha fani nzima: "Hitilafu isiyojulikana. Tafadhali washa kifaa upya. Tatizo likiendelea, unganisha kebo upate maelezo zaidi." Kifaa kiko shingoni mwa dume la tani tano au sita. Ili kuunganisha kebo hiyo anahitajika daktari wa wanyamapori, bunduki ya dawa ya usingizi, gari, pengine helikopta, askari wa kuwazuia tembo wengine, na kibali. Mwandishi wa ujumbe anahitaji chai tu.

Saa nazo zina utamu wake. Andika "02:14" na usiseme ni saa za wapi. Je, ni saa nane na dakika kumi na nne usiku, saa za hapa? Au ni saa za Greenwich, ambazo kwetu zingekuwa saa kumi na moja na dakika kumi na nne alfajiri? Na yule mlinzi wa shamba aliyesema tembo walipita "saa mbili na kitu" usiku, je, alimaanisha saa mbili yetu ya usiku, watu wakiwa bado wanakula ugali? Kutoka kwenye tarakimu nne umepata usiku wa aina tatu. Kikao cha fidia ya mazao kitabishana hadi mchana, na mwenye shamba ataondoka na kifuta machozi cha maneno.

Betri ya saa ikifa, usiandike kwamba saa haiaminiki. Iache draiva ianze kuhesabu upya kutoka 1 Januari 1970, mahali ambapo kompyuta za ukoo wa Unix huanzia, na itangaze kwa uhakika kwamba Mto Mara ulijaa alfajiri hiyo ya mwaka 1970. GPS inaweza kukusaidia pia. Mfumo wake wa zamani huhesabu wiki hadi 1,024 kisha unarudi sifuri, na mara ya mwisho ulirudi usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019 kwa saa zetu. Vifaa ambavyo waandishi wake hawakujiandaa viliruka nyuma hadi Agosti 1999. Tembo wa miaka kumi na miwili anaweza kuripoti alikokuwa kabla mama yake hajampata, na draiva isione ajabu yoyote.

Kwenye vipimo, hapa naomba utulie, maana mkoa wa Mara una kumbukumbu mbichi. Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa chini karibu na Kirumi, yalibadilika rangi yakawa meusi na kunuka, samaki wakaelea wamekufa. Vidole vya wananchi wengi vilielekea kwenye mgodi wa dhahabu wa Nyamongo. Serikali iliunda kamati ya kitaifa iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele, nayo ikaja na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, mambo yaliyomaliza oksijeni majini. Jibu hilo lilizua kicheko na hasira nchi nzima, likajadiliwa bungeni na kwenye vijiwe vya kahawa. Mimi simo katika kuamua nani alikuwa sahihi. Ninachokuomba wewe mwandishi wa draiva ni kwamba, ukikabidhiwa kihisi cha oksijeni cha mto wenye historia hiyo, uandike hivi: "Oksijeni: 2."

Mbili nini? Miligramu kwa lita, ambayo samaki wengi hawaiwezi? Asilimia mbili? Volti mbili kutoka kwenye kihisi kabla ya hesabu kufanyika? Na ilipimwa kina gani, kihisi kilisafishwa lini? Usiseme. Ukiandika "Oksijeni miligramu 2.1 kwa lita, joto nyuzi 24, kihisi kilirekebishwa siku 9 zilizopita," utakuwa umewaletea wabishi kitu cha kushika, na ubishi wa mto unaweza kuisha ndani ya wiki.

Siri nazo zimwage. Katika kutafuta kasoro utapenda kuandika kila kinachopita: nywila ya seva, namba ya siri ya laini, mahali alipo mnyama hadi mita ya mwisho. Ukimaliza, usiviondoe. Mwaka 2018 kampuni ya Twitter iligundua kwamba nywila za watumiaji zilikuwa zikiandikwa waziwazi kwenye logi yake ya ndani, ikabidi iwashauri watumiaji wake milioni 330 wazibadilishe. Kwa hiyo utakuwa katika kundi la wakubwa. Tena kwetu kuna nyongeza. Septemba 2019 faru weusi tisa waliletwa Serengeti kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2013 huko India iliripotiwa kwamba mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyokuwa ikipokea mahali alipo chui milia mwenye kola. Wawindaji haramu wanasoma. Huenda ndio wasomaji pekee wa logi yako ambao hawatalalamika.

Nimalizie na mzaha, kwa sababu kila kijana anayeanza kuandika draiva anataka kuchekesha. Katika Linux kuna draiva ya printa ambayo kwa miaka mingi imekuwa na ujumbe unaosema printa "lp0" inawaka moto. Printa inakuwa imesema ina tatizo, lakini karatasi haijaisha na haijazimwa, basi mwandishi akaamua: itakuwa moto. Mfikirie mwenye duka pale Sirari, foleni ya wateja wa pande mbili za mpaka imejaa, printa ya risiti imegoma, na kompyuta inamwambia moto. Lakini sitaki kumwonea mwandishi yule. Mzaha wake ulitaja printa ni ipi. Ukiuweka kando ya "Kosa -121," ule wa moto ndio wenye msaada.

Wewe uliyesoma hadi hapa na unaandika draiva kweli, nina ombi. Kabla hujatoa toleo lijalo, chapa jumbe zake zote kwenye karatasi. Mpelekee fundi yeyote wa redio na simu pale Mugumu, kaa naye kibarazani, soma mstari mmoja mmoja na umuulize: ukiona hii, utafanya nini? Mstari atakaoshindwa kuujibu uandike upya au uufute. Na umlipe posho ya siku nzima, kwa sababu atakuwa amekufanyia kazi yako.